Mzazi, usingizi wa mwanao ni sehemu ya masomo yake

Mwezi Juni huku Lushoto ukungu unaweza kukaa juu ya mapaa mpaka saa nne asubuhi. Wagonjwa huingia chumbani kwangu wamevaa koti juu ya koti, na akina mama wamejitanda kanga mpaka usoni. Asubuhi moja ya baridi ya namna hiyo, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 18. Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike, lakini kisa chenyewe ni kile kile ambacho nimekuwa nikikiona kila mwaka.

"Shikamoo daktari," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu. Una tatizo gani?"

Mama ndiye aliyejibu. Binti anaumwa kichwa mwezi wa pili sasa. Akiinama anaona kizunguzungu. Amekwishanunuliwa dawa za maumivu dukani, amekwishanywa dawa za malaria bila kupimwa, na shangazi yake anasema ni macho, anunuliwe miwani. Amemaliza kidato cha tano katika shule ya bweni nje ya mkoa, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Yuko nyumbani kwa likizo. Mwezi Julai anaanza kidato cha sita.

Nilimpima. Malaria hana. Presha iko sawa. Macho yake yanasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa chini. Damu yake ilikuwa 9.8, wakati kwa msichana wa umri wake asiye mjamzito tunatarajia 12 au zaidi. Nikamuuliza swali ambalo madaktari wengi tunalisahau: "Unalala saa ngapi?"

"Saa saba usiku."

"Na unaamka?"

"Saa kumi alfajiri, niwahi bombani kabla ya foleni."

Saa tatu za usingizi, usiku baada ya usiku. Nilipomtazama mama yake, alinijibu kwa fahari wala si kwa aibu: "Daktari, huyu anataka kuwa daktari wa meno. Lazima akeshe. Wewe hukukesha?"

Makala yangu ya leo ni jibu kwa mama yule, na kwa wazazi wote wenye kijana anayejiandaa kwa mtihani mkubwa.

Kwanza, mtihani wenyewe ni upi?

Wazazi kadhaa wameniuliza kuhusu mtihani unaoitwa DAT, ambao vijana wao wameusikia kwenye simu. Wengine wamefikia hatua ya kutaka kununua vitabu vyake. Ni vyema tuelewane. DAT ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari wa meno huko Marekani, na Canada wana wa kwao wenye jina hilo hilo. Wa Marekani unapima baiolojia, kemia, hesabu, kusoma na kuelewa, na uwezo wa kutambua maumbo kwa macho. Wanaoufanya kwa kawaida ni vijana waliokwisha kuingia chuo kikuu, na malalamiko yao makubwa ni kwamba hawajui wauweke wapi katikati ya vipindi, kazi za maabara na vibarua vya kujikimu. Uingereza nao wana mtihani wao, UCAT, kwa wanaotaka udaktari wa binadamu na wa meno.

Hapa Tanzania hatuna mtihani kama huo. Kijana anaingia kusomea shahada ya udaktari wa meno moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kwa matokeo ya Baraza la Mitihani la Taifa. Kwa hesabu inayotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kinachotazamwa ni ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Vigezo vya kila chuo hutangazwa katika mwongozo wa TCU wa kila mwaka, kwa hiyo usitegemee vigezo vya mwaka ambao mtoto wa jirani alichaguliwa. Na kumbuka kwamba kutimiza kigezo cha chini si sawa na kupata nafasi. Viti ni vichache na wanaoviwania ni wengi.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ndicho kilichobeba mzigo wa kufundisha madaktari wetu wa meno kwa miongo mingi. Kozi ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kwa hiyo mlango wa taaluma hii uko katika mtihani wa kidato cha sita unaofanyika mwezi Mei, na maandalizi yake yanachukua takribani miaka miwili ya kidato cha tano na sita. Hakuna mwanadamu anayeweza kukesha miaka miwili.

Kwa nini anataka meno?

Nilimuuliza binti kwa nini amechagua meno, maana vijana wengi wa PCB wakiulizwa husema "udaktari" tu. Alijibu kwamba mdogo wake wa kiume alipokuwa na miezi michache aliharisha na kupata homa. Wakubwa wa ukoo wakasema ana "meno ya plastiki". Akapelekwa kwa mtu anayeyatoa. Mtoto alichokolewa fizi kwa chuma. Alivuja damu, alivimba uso, akalazwa. Leo ana umri wa kwenda shule na meno yake ya chonge hayajakaa sawa.

Msomaji wangu, naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu bado ninaletewa watoto wa namna hii. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wengine wanavyosema. Kile kivimbe cheupe mnachokiona kwenye fizi ya mtoto mchanga ni chipukizi la jino lake la chonge linalojiandaa kuota. Mtoto wa umri ule anapoharisha au kupata homa, sababu ni vijidudu vya tumboni, malaria, nimonia au maambukizi mengine, na tiba yake iko kituo cha afya. Ukimchokoa fizi unaongeza kutokwa na damu, maambukizi, hatari ya pepopunda na ya virusi vinavyobebwa na chuma kisichochemshwa, na unaweza kuliharibu hata jino la utu uzima lililoko chini yake. Wakati huo huo ugonjwa halisi unaendelea bila kutibiwa, na mtoto anaweza kufa nao.

Mimi ni daktari, nimeyasema haya kwa Kiswahili mara nyingi katika kliniki ya watoto. Lakini bibi wa Mtae hatanisikiliza kama atakavyomsikiliza mjukuu wake mwenyewe aliyerudi na koti jeupe, akamweleza kwa Kisambaa, akiwa amekaa naye jikoni. Ndiyo maana binti yule alipotaja mdogo wake, niliona kwamba maumivu yake ya kichwa yanatuhusu watu wengi. Milima hii inahitaji afike Mei akiwa mzima.

Nami nilikesha

Mama aliniuliza kama mimi sikukesha. Nilikesha. Nilipokuwa kidato cha sita nilikuwa naloweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili nisisinzie. Nilijisifia. Wenzangu walinisifia. Ulipokuja mtihani wa utamilifu, karatasi ya Fizikia iliwekwa mezani, nikasoma swali la kwanza mara nne na sikuelewa linauliza nini. Nililijua lile swali. Nilikuwa nimelifanya wiki ile ile. Lakini kichwa kilikuwa kama redio yenye betri zilizokwisha.

Mwalimu wetu, mzee mkali asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia nilale saa nne usiku kwa wiki mbili, kisha nirudi kumwona. Nilidhani amenikatia tamaa. Wiki mbili zilipopita nilikuwa naweza kukaa na tatizo la hesabu mpaka likaisha bila kurudi mwanzo mara tatu. Sikuelewa sababu mpaka nilipofika chuo.

Sababu ni hii. Unaposoma mchana, ubongo unapokea mambo kwa haraka na kuyaweka juu juu. Usiku ukilala, unayapitia tena, unayapanga na kuyahifadhi. Usingizi ukikatwa, kazi hiyo ya kuhifadhi inakatwa. Kijana anasoma saa tano, lakini kinachobaki asubuhi ni kidogo. Ni kama kubeba maji kwenye ndoo iliyotoboka: safari nyingi, jasho jingi, na pipa halijai. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mapendekezo mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Najua wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Ubongo wa mtoto wa Bumbuli umeumbwa vile vile.

Tulihesabu siku yake

Nilichukua karatasi, nikamwomba binti anihesabie siku yake ya likizo, mama akiwapo. Kuchota maji mara tatu, saa mbili na nusu. Kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kutoka bondeni, saa mbili. Shamba la karoti, saa nne. Kupika mchana na usiku, saa tatu. Vyombo na kufua, saa moja na nusu. Jumla saa 13. Kula, kuoga na kusali, saa 3. Anafika mezani saa mbili usiku, anasoma mpaka saa saba. Hizo ni saa 5. Zinabaki saa 3 za kulala.

Mama alinyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuiona siku ya binti yake imeandikwa.

Nikamuuliza nyumbani kuna nani mwingine. Kuna baba, kuna yule mdogo, na kuna kaka wa miaka 20 aliyemaliza kidato cha nne. Kaka anafanya nini? Analima kidogo, jioni yuko uwanjani na wenzake. Sina ugomvi na mpira. Lakini niliuliza kama ndoo ya maji inamwogopa mwanamume.

Tukapanga upya. Maji na majani ya ng'ombe yatashikwa na kaka, na baba atasaidia anapokuwapo. Binti atakwenda shambani saa tatu badala ya nne. Atapika mlo mmoja kwa siku, mama au mwingine atapika mwingine. Vyombo na kufua vibaki kwake. Kazi zikashuka kutoka saa 13 hadi 6. Kula, kuoga na kusali, saa 3 zile zile. Kulala saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, saa 8. Kupumzika, kutembelea rafiki, kukaa juani, saa 3. Na kusoma, saa 4.

"Daktari," mama alisema, "mbona umempunguzia kusoma? Alikuwa anasoma tano."

Ndiyo, nimempunguzia. Na saa hizo nne nimezihamisha kutoka usiku kwenda mchana: mbili asubuhi, kuanzia saa mbili mpaka saa nne, kichwa kikiwa kipya, na mbili jioni, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia. Hakuna koroboi inayomtia moshi machoni na kifuani. Hakuna kusinzia juu ya kitabu. Saa nne za mwanga na akili iliyopumzika zinashinda saa tano za giza na miguu ndani ya beseni.

Saa nne hizo azitumie vipi

Kosa la pili ninaloliona kwa vijana wetu ni kudhani kwamba kusoma ni kupitisha macho juu ya daftari. Wanasoma sura ile ile mara tano, wanaona wanaifahamu, kumbe wameizoea tu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walisoma maelezo mafupi. Baadhi waliyasoma tena. Wengine walifunga karatasi wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliojiandikia walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani wa Mei hauji baada ya dakika tano. Unakuja baada ya miezi.

Kwa hiyo nilimwambia binti afanye hivi. Asome mada kwa dakika 40 au 50, afunge daftari, achukue karatasi tupu na aandike kila anachokumbuka, achore mchoro, aandike mlinganyo wa kemia. Kisha afungue aone alipokosea. Apumzike dakika kumi. Mada ile airudie kesho yake kwa muda mfupi, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya wiki mbili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku ndiko kunakoyafanya mambo yakae.

Jumamosi afanye karatasi moja ya mitihani iliyopita ya Baraza, kwa kutazama saa, bila daftari wala simu. Siku moja ya juma, ya ibada yake, asishike kitabu cha shule kabisa. Asisahau kwamba mwanafunzi wa PCB ana masomo mengine pia, na kwamba Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina mtihani wa vitendo. Vitendo havisomwi kwa kukesha. Vinahitaji mkono usiotetemeka na jicho lisilo na usingizi, kama vile udaktari wa meno wenyewe.

Njia hii haimfai mwanafunzi wa sekondari peke yake. Wapo vijana waliosoma stashahada ya tabibu wa meno, wako kazini vituoni, na wanataka kujiendeleza mpaka shahada. Wapo walioko vyuoni sasa hivi wakisoma stashahada hiyo, mchana darasani, jioni kliniki. Kwao pia ninasema: andika siku yako kwenye karatasi kabla hujaandika ratiba ya kusoma. Tafuta saa moja au moja na nusu isiyoguswa, kila siku mahali pale pale, na uilinde kama unavyolinda zamu yako. Saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi sita, ni zaidi ya saa 150. Hizo zinatosha kufanya kazi kubwa, na hujaharibu hata usiku mmoja.

Chakula, chai na kahawa

Tuirudie damu ya binti. Upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa wasichana walioanza hedhi, na humfanya mtu achoke, aumwe kichwa, ashindwe kuzingatia. Mwalimu atamwita mvivu. Mzazi atasema anadeka. Kumbe ubongo haupati hewa ya kutosha. Nilimwandikia vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, nikamweleza mama kuhusu chakula.

Hakuna haja ya nyama kila siku. Maharage, dagaa, mchicha, kisamvu na majani ya maboga viko sokoni Lushoto na Soni. Akila, aongeze tunda lenye uchachu kama chungwa au ndimu, maana linasaidia mwili kufyonza madini hayo. Jambo moja linalotuhusu sana sisi tunaoishi kwenye milima ya chai ni kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokayo kwenye mboga na nafaka. Kunywa chai, lakini iache ikae saa moja au mbili mbali na mlo.

Na kahawa? Na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wanavinunua wakati wa mitihani? Kichangamsho kilichomo ndani yake hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu bado imo. Kijana akinywa saa moja jioni, saa sita usiku bado nusu inamzungusha kitandani. Kesho anaamka amechoka, anakunywa tena. Baada ya saa nane mchana asinywe. Vidonge vya kuzuia usingizi, na mirungi, sitaki hata kuvijadili. Ukivikuta kwenye begi la mwanao, usimpige. Mlete tuzungumze.

Kwa walimu na wazazi wenye haraka

Najua lawama hazimhusu mama yule peke yake. Zipo shule zinazojivunia kwamba wanafunzi wake wa kidato cha sita husoma mpaka saa sita usiku na kuamshwa saa kumi. Wakuu wa shule wanashindanishwa kwa matokeo, na wazazi tunachagua shule kwa kuuliza "wanasoma sana?" Mimi naomba tuanze kuuliza swali jingine: taa za bweni zinazimwa saa ngapi? Shule inayozima taa saa nne usiku na kuhakikisha saa za mchana zinafundishwa ipasavyo inawatendea haki watoto wetu. Kuwakesha wanafunzi usiku hakuzibi pengo la kipindi kilichokosa mwalimu mchana.

Najua pia kwamba wapo watakaoniambia, "Daktari, wewe una mshahara. Sisi karoti zisipopaliliwa hatuli." Ni kweli, na sidharau. Ndiyo maana sikumwambia mama amwondolee binti kazi zote. Kijana anayelima na kupika anajifunza mambo ambayo vitabu havifundishi. Ninachosema ni kwamba kazi zigawanywe kati ya wote waliomo ndani ya nyumba, wa kike na wa kiume, na kwamba mzigo upunguzwe kwa miezi kumi, kuanzia Julai mpaka Mei. Miezi kumi si maisha.

Na bado inawezekana pointi zisitoshe. Nawaomba wazazi mlijue hilo mapema, na mwanao alisikie kutoka mdomoni mwako kabla ya mtihani. Kuna stashahada ya tabibu wa meno ya miaka mitatu, inayosimamiwa kupitia NACTVET, na waliotoka huko ndio wanaong'oa na kuziba meno ya wengi wetu katika wilaya. Kuna kozi nyingine za afya. Kijana anayeamini kwamba akikosa nafasi moja maisha yamekwisha hupata ugonjwa ambao sina kidonge chake. Mlete kituoni ukiona kichwa kinauma pamoja na kutapika au homa, akizimia, akikosa usingizi hata anapopewa nafasi ya kulala, akijitenga na kulia kwa zaidi ya wiki mbili, au akitamka kwamba ni bora asingekuwapo. Neno hilo la mwisho usilichukulie kuwa ni utani. Siku hiyo hiyo mlete, na usimwache peke yake.

Alirudi

Wiki tatu baadaye mama na binti walirudi. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Damu ilikuwa imepanda hadi 10.6, bado haijatosha, na vidonge vinaendelea kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza binti kuhusu masomo. Akatoa kwenye mfuko karatasi zilizokunjwa, alizokuwa akijiandikia bila kuchungulia daftari. Kwenye ya kwanza alikuwa amekumbuka mistari sita ya mzunguko wa damu. Kwenye ya mwisho alijaza kurasa mbili na mchoro wa moyo.

"Na kaka?" nikauliza.

Mama akacheka. "Analalamika ndoo ni nzito."

Sijui kama binti atapata pointi zake. Mei ikifika nitamwombea kama ninavyowaombea wote. Lakini sasa atakaa kwenye chumba cha mtihani akiwa amelala usiku, na swali analolijua atalitambua.

Mzazi unayesoma, chukua karatasi usiku wa leo. Kaa na mwanao, mwandike siku yake yote, saa kwa saa. Mkimaliza, tafuta ni nani mwingine ndani ya nyumba anayeweza kubeba ndoo. Kisha ikifika saa nne, zima taa.